Bi. Sijui na Macho ya Fundi Saa

Jina lake halisi limo kwenye vyeti, lakini hata mumewe hulitumia pale tu anapokasirika, na mumewe hana hasira. Watu wote humwita Bi. Sijui. Usidhani ni tusi. Alilipata mwaka wake wa kwanza wa kufundisha hesabu sekondari, mwanafunzi mmoja aliyekaa nyuma kabisa alipomuuliza swali lililomzidi kimo. Walimu wengi wa enzi zile walikuwa na dawa ya maswali ya namna hiyo: mtoto angeambiwa akae chini aache utundu. Yeye aliweka chaki mezani, akapangusa mikono, akasema, "Sijui. Kesho nitakuwa najua, au nitakuwa najua kwa nini sijui." Darasa zima likaangua kicheko. Kesho yake alikuja na jibu, akajaza ubao kutoka dirishani hadi mlangoni, lakini nani alikumbuka jibu? Jina lilikuwa limeshaganda.

Alifundisha mpaka watoto wa wanafunzi wake wakaja kukalia madawati yale yale. Alipostaafu, wenzake walianza kufuga kuku na kulalamikia magoti. Yeye alinunua mkoba wa mgongoni, akajiandikisha chuo kikuu kusomea takwimu na ujifunzaji wa mashine, yaani ule ufundi wa kuifundisha kompyuta kwa mifano badala ya kuiandikia amri moja moja. Siku ya kwanza mlinzi wa getini alimwamkia kwa heshima zote, kisha akamwonyesha mahali wazazi wanaposubiri. Na msimamizi wake wa tasnifu ya uzamivu akatokea kuwa kijana ambaye yeye mwenyewe alimfundisha hesabu, tena kijana aliyekuwa akisinzia kila kipindi cha mchana. Walipokutana ofisini, hakuna aliyejua nani amwamkie mwenziwe. Kijana akasimama. Bi. Sijui naye, ambaye alikuwa ndiyo kwanza ameketi, akasimama. Wakabaki hivyo mpaka wote wawili wakacheka, na tangu siku hiyo yeye humwita Profesa, na Profesa humwita Mwalimu.

Nyumbani alikuwa na mtahini mwingine. Mumewe, Fundi Saa, ana kibanda chini ya ngazi za jengo moja la ofisi, meza yake pana kama trei, saa zimening'inia ukutani kila moja na wakati wake. Simu zimewaua mafundi wengi wa saa, yeye zimemkosa. Ana kisukari, na ana mdomo, na vyote viwili humpa mkewe kazi. Saa ya mkononi ya Bi. Sijui, ile ndogo ya kike aliyomvalisha yeye mwenyewe walipokuwa wachumba, ilisimama mwaka jana, na tangu hapo imo kwenye droo ya fundi ikisubiri zamu.

"Mke wa fundi saa anauliza majirani saa ngapi," Bi. Sijui humwambia. "Huoni haya?"

"Wateja kwanza, Mwalimu. Wewe huwezi kunihama."

Kazi aliyoichagua chuoni ilimfaa kama kiatu kilichoshonwa kwa kipimo chake. Alikuwa ameona kwamba mashine hizi za siku hizi hazijui kunyamaza. Uiulize swali la kijinga, inajibu. Uionyeshe picha ambayo haijawahi kuona mfano wake, inajibu vilevile, kwa ujasiri wa mlevi. Lakini watafiti wa takwimu walikuwa wamezinduka, na katika miaka ya karibuni walileta njia za kuifanya mashine ipime ujinga wake yenyewe. Unaweka kando maswali ambayo majibu yake unayajua na mashine haijayaona. Unatazama inavyojikwaa. Kutokana na kule kujikwaa unahesabu ni lini iruhusiwe kutoa jibu moja na ni lini ikiri kwamba majibu mawili yote yanawezekana, ili ahadi itimie: katika kila watu ishirini, kumi na tisa jibu lao la kweli limo katika yale iliyoyataja. Ikitaja mzima na mgonjwa kwa pamoja, maana yake ni moja. Sijui, mwite daktari.

Bi. Sijui aliposoma habari hizo mara ya kwanza aliweka karatasi mezani, akamwita mumewe kutoka uani. "Wamenipata," alisema, na machozi yalimlengalenga kwa furaha. "Kuna watu wamekaa chini wakatafuta hesabu ya kusema sijui."

Hesabu hiyo ilikuwa na mahali pa kwenda. Kwenye kliniki ya macho ya hospitali yao, kila mwenye kisukari hupigwa picha ya nyuma ya jicho kila mwaka. Ni picha ya kupendeza, duara la rangi ya chungwa lenye mishipa iliyotawanyika kama mizizi, na ugonjwa huanza hapo kwa vitone vidogo vya damu kabla mwenye jicho hajahisi lolote. Kupiga picha ni kazi ya dakika chache. Kuzisoma ndiyo shida, kwa kuwa daktari wa macho ni mmoja, mwanamke mwenye sauti ya ukali na mikono ya upole, na foleni yake ni ya miezi. Kama mashine ingewatambua wazima, yeye angebaki na wagonjwa. Kwa ajili ya utafiti daktari alikubali kusoma picha ya jicho moja la kila mtu. "Moja tu," alisema. "La pili mtanisamehe, sina mikono minne." Fundi Saa alijitolea wa kwanza, akawa mtu namba moja, na kwa wiki nzima aliwatangazia wateja kwamba jicho lake la kushoto limesomwa na bingwa na halina hata doa.

Bi. Sijui alikuwa na picha za macho ya pili ya watu, zisizo na majibu, na picha zilikuwa chache. Akaona asizitupe. Macho ya mtu mmoja ni ndugu, alijiambia, akanakili jibu la jicho moja akalibandika kwenye la pili. Kisha akazichanganya picha zote, akazigawa kwenye makapu mawili ya kompyuta: kapu la masomo, ambalo mashine ingejifunzia, na kapu la mtihani.

Mashine ikapata asilimia tisini na saba.

Daktari wa macho alimkumbatia mbele ya wagonjwa. Profesa alinunua soda za ofisi nzima. Bi. Sijui kichwa kilimvimba kidogo, na mimi namruhusu, maana amewahi kuketi darasa moja na watoto waliomwita bibi na kuazima kalamu yake bila kuirudisha. Siku ya utetezi wa tasnifu ikapangwa, Ijumaa, na kliniki ikasema Jumatatu yake mashine itaanza kazi.

Jambo moja tu lilimchoma. Profesa alimwita, akajikuna kisogo kama enzi zile asipofanya zoezi.

"Mwalimu, ile sura ya nne, ya kusema sijui. Naona tuiondoe."

"Kwa nini, Profesa?"

"Mashine yako haisemi sijui. Nimehesabu. Inajua kila kitu."

Alirudi nyumbani na sifa mkononi, bila furaha. Mashine aliyoilea mwenyewe ilikuwa haijafanana naye hata kidogo.

Jumatano mchana aliketi kwenye meza ya chakula, kompyuta mbele yake, akitafuta picha nzuri za kuwaonyesha watahini. Kutoka kapu la masomo akataka moja ya jicho zima, safi, na kwa mapenzi tu akachagua ya mumewe: namba moja, kushoto. Kutoka kapu la mtihani akataka moja ambayo mashine ilijibu bila kusita. Ikajitokeza ya kwanza kabisa, mashine ina uhakika wa asilimia tisini na tisa kwamba ni mzima. Namba moja, kulia.

Akatazama moja, akatazama nyingine. Rangi ile ile, vumbi lile lile la kamera ya asubuhi ile ile. Akafungua mtu namba mbili. Jicho moja kwenye masomo, jingine kwenye mtihani. Namba tano, hivyo hivyo. Alipotaka majibu aliyafanya macho mawili kuwa mtu mmoja, na alipotaka mtihani akayafanya kuwa watu wawili. Mashine haikuwa imejifunza ugonjwa. Ilikuwa imejifunza sura za watu, ikawatambua, ikawarudishia majibu aliyoyanakili yeye mwenyewe.

Hakufunga hata kompyuta. Alitupia kanga mabegani, akateremka hadi kibandani kwa mumewe, akamkuta ameinamia mashine ya saa ya ukutani.

"Fundi, jicho lako moja liko darasani na jingine liko kwenye chumba cha mtihani."

Fundi Saa aliinua kichwa. Ilibidi aelezwe mara moja tu. "Kwa hiyo hili linamnong'oneza mwenzake majibu!" Akacheka mpaka saa zikatikisika ukutani. "Wezi wa mtihani, tena kwenye uso wangu mwenyewe! Na mimi nawapa mboga za majani kila siku!"

"Usicheke. Jumatatu mashine itamwambia mtu wewe ni mzima, nenda nyumbani. Itakuwa inabahatisha, na yeye ataamini, na daktari hatamwona mpaka mwakani."

"Basi waambie."

"Kesho kutwa ndiyo utetezi. Nikisema, hakuna utetezi. Watasema bibi wa watu, tulimwambia akafuge kuku." Aliogopa kweli, kuliko alivyoogopa mtihani wowote.

Fundi aliondoa kioo cha kukuzia kwenye jicho, akamtazama mkewe. "Wewe wanakuita Bi. Sijui tangu tuna meno yote. Leo ndiyo unaona aibu?"

Bi. Sijui akacheka, hakupenda lakini akacheka. Alipokuwa anajipangusa uso ndipo akaona kitu. "Tangu lini unavaa kioo jicho la kushoto?"

"La kulia limepumzishwa. Limefanya kazi miaka mingi, lina haki ya kustaafu kama wewe." Akarudi kwenye saa yake, na Bi. Sijui, mawazo yote yakiwa kwenye makapu, akarudi nyumbani.

Asubuhi alimweleza Profesa akiwa amesimama. Profesa alisikiliza hadi mwisho, akalaza paji la uso juu ya meza. Bi. Sijui akadhani amekasirika.

"Nimeisoma tasnifu hii mara ngapi?" Profesa alisema bila kuinua kichwa. "Mara ngapi, Mwalimu? Na nimekutia moyo uondoe sura ya nne."

"Ulikuwa unasinzia."

"Nilikuwa nasinzia," Profesa akakubali, na mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko. Ndipo Bi. Sijui akajua kwamba hatafukuzwa. Utetezi ukaahirishwa. Daktari wa macho alipopigiwa simu alisema, "Afadhali sasa kuliko Jumatatu," kisha akakata, maana alikuwa na wagonjwa.

Bi. Sijui akaanza upya. Majibu yote aliyoyanakili akayafuta, yakabaki yale tu ambayo daktari aliyasoma kwa macho yake. Watu akawagawa kama watu: aliyeingia darasani hana ruhusa ya kuonekana kwenye mtihani, yeye wala jicho lake la pili. Matokeo yakaporomoka hadi themanini na kitu. Aliikodolea macho namba hiyo akanywa maji. Kisha akaipitisha mashine kwenye ile hesabu ya sura ya nne, na kwa mara ya kwanza mashine ikaanza kunyamaza. Huyu mzima. Huyu mgonjwa. Huyu sijui. Huyu mzima. Huyu sijui, mwite daktari. Kwa kila watu wanne, mmoja ilimrudisha, na kwa wale iliowajibu ilitimiza ahadi yake vizuri kabisa. Bi. Sijui alipiga kofi moja akasimama katikati ya sebule, akacheza kidogo, peke yake, mchana kweupe.

Yalibaki macho ya pili, yale yasiyosomwa na mtu. Sasa hakuwa na haja ya kuyabandikia majibu. Akaiuliza mashine. Picha zilizoikwamisha akazibeba zote, namba zimefunikwa ili pasiwe na upendeleo, akampelekea daktari wa macho, akaketi kwenye kiti cha mgonjwa.

Daktari alisoma kwa haraka huku akinung'unika. "Huyu mzima. Huyu mzima. Hii picha imetikisika tu. Huyu mzima. Mama, mashine yako ni mwoga."

"Ndiyo, Daktari. Ni mwoga kwa kipimo."

"Mzima. Mzima." Akaisogeza picha karibu, akawasha taa ya meza. "Huyu si mzima. Damu inavuja karibu kabisa na katikati. Nani huyu? Namtaka wiki hii, siyo wiki ijayo."

Bi. Sijui akaondoa karatasi iliyofunika namba. Namba moja, kulia.

Nitakwambia alichofanya Bi. Sijui, mwanamke wa takwimu, mtulivu kuliko wote tunaowajua. Alisimama, akaketi, akasimama tena. "Ni mume wangu," alisema. "Mashine ya kwanza ilisema mzima kwa asilimia tisini na tisa."

"Basi ashukuru ya pili," daktari alisema, na sauti yake ya ukali ikawa imelainika. "Tumemuwahi, mama. Sikiliza ninachokwambia. Tumemuwahi."

Kutoka hospitali hadi kibandani alienda kwa miguu kwa sababu hakuwa na subira ya kungoja usafiri. Fundi alimwona kutoka mbali, akajua si habari ya makapu.

"Jicho la kulia," Bi. Sijui alisema, akihema. "Limestaafu tangu lini? Sema kweli."

Fundi Saa, kwa mara ya kwanza katika ndoa yao, hakufanya mzaha. Alikivua kioo, akakichezeachezea vidoleni. "Tangu mwaka jana. Ukungu. Nilidhani uzee. Ulikuwa na masomo, Mwalimu, sikutaka kukupa swali jingine."

Hapo Bi. Sijui alilia, akamgombeza, akamshika mkono, vyote kwa pamoja, mbele ya mteja aliyekuja kubadilisha betri. Mteja alisubiri kwa adabu.

Fundi alidungwa sindano ya jicho, na kabla ya sindano alilalamika kama mtoto, akaulizia kama haiwezekani kudunga jicho la mtu mwingine. Baadaye wakampiga miale ya leza. Akaacha sukari kwenye chai, mbele ya mkewe na, nadhani, hata nyuma yake. Daktari alisema jicho litarudi polepole, na lisiporudi lote, litarudi la kutosha.

Utetezi ulifanyika katikati ya matibabu hayo. Bi. Sijui alianza kwa kuonyesha kosa lake, makapu mawili na jicho moja kila upande, na watahini wakacheka pale pale Fundi alipochekea. Sura ya nne ilikuwa sasa ndiyo tasnifu yenyewe. Mwishoni mtahini wa nje, mama mrefu ambaye hakuwa ametabasamu tangu asubuhi, aliinua penseli.

"Katika majedwali yako, mashine inanyamaza zaidi kwa wazee kuliko kwa vijana. Kwa nini?"

Profesa akatazama dari. Bi. Sijui aliweka kalamu yake mezani, akapangusa mikono ingawa haikuwa na chaki.

"Sijui," alisema. "Nina dhana mbili, na nimeandika namna ya kuzipima. Lakini kujua, sijui."

Mtahini alimtazama, akaandika kitu, na alipoinua uso alikuwa anatabasamu. "Hilo ndilo jibu nililotaka kulisikia leo," alisema. Walimtoa nje kwa dakika chache tu, kisha Profesa mwenyewe akaja mlangoni kumwita. "Karibu ndani, Daktari," alisema, na akamwamkia yeye kwanza, shikamoo nzima nzima, kama darasani.

Siku hizi mashine inafanya kazi kliniki. Ina majibu matatu kwenye skrini, na wauguzi wanaiita Bi. Sijui Mdogo. Bi. Sijui mkubwa akiwasikia hujifanya amenuna, na hakuna anayedanganyika.

Alasiri moja alipita kibandani kumchukua mumewe waende nyumbani. Fundi alikuwa ameinama, kibano mkononi, kioo cha kukuzia usoni, na hakumsikia akija. Bi. Sijui alisimama kando ya ngazi, akatazama. Kioo kilikuwa kwenye jicho la kulia. Akaona fundi akishika skrubu ndogo kama punje ya mchanga, akaiweka mahali pake mara moja bila kupapasa, akafunika mgongo wa saa, akaisikiliza.

"Ya nani hiyo?" aliuliza.

Fundi hakushtuka. Alimvuta mkono, akamvalisha. Ilikuwa ile ndogo ya kike, na ilikuwa inatembea.

"Sikuwa nakupuuza," alisema. "Nilikuwa sioni."

Bi. Sijui alijua kwamba ni kweli, na alijua bila ya asilimia. Alitazama saa, akasema ni saa kumi na robo, na wakafunga kibanda.